Sare Inatosha

Timu yetu ya Nyuzi ilianza mechi ya mwisho kama watu walioitwa kumsaidia jirani kuhamisha kabati: kila mmoja anasubiri mwenzake anyanyue. Mpira ukimfika kiungo, anaurudisha kwa beki. Beki anaurudisha kwa kipa. Kipa ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tunamwita Komeo, na yeye hana wa kumrudishia, basi anaubutua mbele. Mbele yuko Kesho. Jina hilo tulimpa sisi tunaokaa nyuma ya goli, maana tangu msimu uanze yeye atafunga kesho.

Mimi ni msusi, na siku ya mechi saluni naifunga mapema hata kama kuna kichwa hakijaisha. Siku hiyo niliingia uwanjani na mteja wangu mzima: upande mmoja mistari, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini.

"Utanimalizia lini?" akauliza.

"Mapumziko. Shika kitana hicho, usikiangushe."

Hesabu ilikuwa inajulikana hata na watoto wa chekechea. Tukishinda, tunabaki ligi kuu. Tukifungwa, tunashuka. Tukitoka sare, tunabaki ikiwa tu timu ya Sabuni, iliyokuwa ikicheza kwao saa ileile, itafungwa. Na kushuka kwetu hakukuwa kushuka tu. Meneja wa kiwanda cha nyuzi, ambaye timu ni mali yake, alishasema mbele ya wafanyakazi wote: ikishuka, anaivunja.

Vijana wangepata pengine pa kuchezea. Lakini Komeo? Ana miaka thelathini na sita, na goti lake likikunjwa linalia kama mlango wa choo. Kiwandani ameandikwa idara ya rangi, ila kazi yake halisi tangu ujana ni golini. Rangi anaiona kwa mbali akipita kwenda mazoezini. Bila timu, ni mapipa ya rangi asubuhi hadi jioni. Mdogo wangu aliniambia nikiwa namsuka, kichwa kimeinama kati ya magoti yangu:

"Dada, huyu mtu akitolewa golini sijui nitabaki naishi na nani."

Nilimvuta nywele kidogo, ajue nimesikia.

Kipindi cha kwanza tuseme ukweli: tulichezewa. Hao Viberiti tuliocheza nao walipita katikati yetu kama wanakatiza uani. Beki wetu wa kulia aligeuzwa mpaka akawa anamkimbiza refa. Asiyecheza vibaya alikuwa mmoja tu. Komeo alipangua shuti la kwanza kwa ngumi, la pili kwa mguu, la tatu sijui kwa nini, labda kwa kifua, labda kwa mdomo. Kila akidaka tunainuka, na mdogo wangu, aliye kando yangu, anabaki ameketi, amefumba macho, ananivuta gauni.

"Kadaka?"

"Kadaka."

"Hajaumia?"

"Ameinuka. Anamtukana beki."

"Basi mzima."

Kipindi cha pili, sijui kocha aliwapa nini, timu ikaamka. Viberiti walikuwa wamechoka, hawawaki tena. Winga wetu mdogo akaanza kuwakimbiza. Kesho, huyohuyo Kesho, akaachia kombora likagonga mtambaa panya, uwanja mzima ukashika kichwa. Akarudi tena, kipa wao akaokoa kwa ncha za vidole. Nimeangalia mpira tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mabegani, najua bao linaloiva. Lile lilikuwa limeiva, bado kuepuliwa.

Ndipo Redio akapata simu.

Redio ni fundi viatu. Redio hana, anaitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Ana shemeji yake kule kwa Sabuni, na ndiye aliyempigia. Akasikiliza, akasimama juu ya benchi na viatu vyake, akapiga yowe:

"Sabuni wamelala! Mbili bila! Mbiliii!"

Habari ilikimbia jukwaani kuliko winga yeyote tuliyewahi kuwa naye. Watu wakakumbatiana na wasiojuana. Mteja wangu akarusha kitana changu hewani, na sijakiona tena hadi leo.

Mdogo wangu akafumbua macho. "Mpigie tena. Muulize wako dakika ya ngapi."

Redio akamtazama kama ametapikiwa. "Shemeji, wewe ni mgeni hapa?"

Maana sisi tuna mwiko wetu. Habari njema ikifika kutoka uwanja mwingine, hupigi simu kuiuliza tena. Msimu mmoja tuliwahi kuuliza mara ya pili, tukaambiwa bao limekataliwa. Tangu siku hiyo mtu akirudia kuuliza, anatolewa jukwaani, awe mwenyekiti wa tawi, awe mama mkwe wa refa.

"Nipe hiyo simu niulize mimi," akasema mdogo wangu, mkono umenyooshwa.

Redio akaiweka simu kwenye benchi, akaikalia. "Njoo uichukue, tuone Komeo atasema nini."

Kicheko kilipasuka safu nzima. Mimi pia nilicheka, nikamvuta mdogo wangu chini. "Tulia wewe. Utatuletea nuksi."

Goli la Komeo kipindi hicho lilikuwa mbele yetu, karibu kiasi cha kumsikia akihema. Tukaanza, kwanza watu kumi, kisha jukwaa zima:

"Komeo! Sabuni wanakufa! Sare inatosha! Sa-re i-na-to-sha!"

Akageuka. Akainua vidole viwili kutuuliza. Tukainua viwili, mikono kwa mamia, kama watu wanaokula kiapo. Akamwita beki, beki akakimbia hadi kwa kocha, na kocha, ambaye msimu mzima hakuwahi kutusikiliza, siku hiyo akatusikiliza. Akamtoa Kesho, akaingiza beki. Kesho alitoka akilia, anaonyesha lile goli lao kwa mkono, kana kwamba amesahau kitu ndani yake. Tukamzomea. Tukamwambia akapumzike, atafunga kesho.

Kilichofuata si mpira. Wote kumi wakarudi nyuma wakajazana kama abiria wanaokwepa mvua. Komeo akidaka, analala juu ya mpira. Akiinuka, anafunga kamba za kiatu ambazo hazijafunguka. Mpira wa goli anautenga kulia, anaghairi, anaupeleka kushoto. Refa akampa kadi ya njano, tukaishangilia ile kadi kama kombe.

Filimbi ikalia, sifuri kwa sifuri. Tukaruka uzio. Wanaume wakamnyanyua Komeo mabegani, akawa juu kule anaimba, sauti mbaya, meno yote nje.

Redio alikuwa amebaki kwenye benchi. Nilipomrudia kumvuta, alikuwa na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hasemi kitu.

"Wamerudisha," akaniambia mwishowe. "Mbili kwa mbili. Wamerudisha zamani."

"Na hakukupigia?"

"Amepiga mara nyingi." Akaitazama simu. "Ilikuwa inatetemeka, dada. Nikadhani ni mimi natetemeka."

Wimbo ulianza kufa pembeni ya uwanja, ukaendelea kufa kuelekea katikati. Waliombeba Komeo walikuwa wa mwisho kujua, na yeye aliye juu yao wa mwisho kabisa. Mdogo wangu alipenya, akamshika mguu. Akainama akicheka, akidhani anataka busu. Mkewe akamwambia sikioni.

"Nishusheni," akasema Komeo.

Wakamshusha polepole, kama mtu mgonjwa. Akaniona.

"Nani alisema mbili bila?"

"Sote, shemeji."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Mpira wa mwisho ule, winga alikuwa peke yake kule, ameinua mkono. Nilimwona kabisa." Akavua glavu. "Nikaulalia."

Meneja hakungoja wiki iishe. Jezi zilikusanywa, uwanja wa mazoezi ukageuzwa kuwa maegesho ya malori. Vijana wakatawanyika, na Kesho sasa anafunga kila wiki kwenye timu nyingine. Komeo akaingia idara ya rangi.

Jioni hupita saluni kumchukua mkewe. Ananuka dawa, mikono ni ya buluu hadi viwikoni na haitoki kwa chochote. Wateja wangu, ambao kwa kawaida huwezi kuwanyamazisha hata kwa maji ya moto, wakimwona wananyamaza. Anasimama mlangoni, haketi. Anauliza swali lake lilelile:

"Shemeji, siku ile nilidaka vizuri, sivyo?"

"Ulidaka vizuri sana," namjibu.

Ni kweli. Hajawahi kipa kudaka vile pale kwetu. Namwambia kila jioni, na kila jioni anaitikia kwa kichwa, anaitazama mikono yake, anaondoka.