Bwana Pole na Mashine Isiyoamka

Binti yangu wa mwisho alipata kazi ya kutengeneza programu za maduka ya dawa, zile zinazomwonyesha muuzaji dawa gani inakaribia kuisha muda wake kabla hajampa mgonjwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Angeifanya hapa nyumbani, kwenye meza ya sebuleni, kwa kompyuta yake mwenyewe, na mwisho wa majaribio angewaonyesha wakubwa wake alichotengeneza. Wakiridhika ataajiriwa, wasiporidhika ataambiwa asante. Tangu baba yake atutoke sijamwona akitaka kitu kama alivyoitaka kazi hii. Hata tukishukuru kwa chakula, aliichomeka humo katikati.

Kwa hiyo laptop ilipofika, tulilifungua sanduku kama watu wanaofungua zawadi ya arusi. Ilitoka kwa kampuni ndogo inayouza mashine zenye Linux tayari ndani yake. Mimi niliishia shule ya msingi, na hiyo Linux niliijulia hapo hapo mezani. Binti alinieleza kwamba kompyuta isiyo na mfumo ni kama nyumba isiyo na mtu: taa zipo, milango ipo, lakini ukibisha hodi hakuna wa kukuitikia. Linux ni mmoja wa hao wenye nyumba, na ofisini kwao wote wanamtumia huyo. Nikaelewa. Nikaiombea mashine, nikamwachia mwenyewe.

Haikukaa sana ikaanza vituko. Asubuhi nzima inafanya kazi vizuri. Binti akiifunika ili aje kula, nayo inalala kama zinavyolala zote. Akirudi kuifunua, haiamki. Kioo cheusi, feni inavuma ndani kama nyuki aliyenaswa chupani, na vitufe vyote viziwi. Mpaka akandamize kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu, izimike kabisa, ndipo iwake upya, na chochote alichokuwa hajakihifadhi kimekwenda na maji. Siku nyingine inaamka kama kawaida, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mgonjwa anayeumwa kila siku unajua umpeleke wapi. Huyu wa leo mzima kesho hoi, mwisho unamshuku yeye mwenyewe.

Binti akawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Aliyemjibu alianza na "Pole kwa usumbufu." Akaandika tena, akajibiwa tena, na jibu nalo likaanza na "Pole kwa usumbufu." Binti ana hasira za mkizi, akambatiza jina hapo hapo: Bwana Pole.

"Leo Bwana Pole anasema nini?" nilikuwa nikimuuliza.

"Anasema pole."

Lakini nilikuwa nikisoma begani kwake, na niliona kwamba baada ya pole kulikuwa na mtu anayefikiri. Alitaka mambo yafanywe moja moja. Kwanza mfumo usasishwe, kisha tungoje tuone. Haikusaidia, basi mashine iwashwe kwa toleo la zamani la huo mfumo, kisha tungoje. Halafu kumbukumbu ya mashine ipimwe, kazi iliyochukua tangu ibada ya asubuhi mpaka jua lilipohama dirishani. Binti yeye alibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, akamwandikia kwamba hakuna hata kimoja kilichofaa. Bwana Pole akamwomba avirudishe vyote, waanze upya. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, alimwambia, hatutajua lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Binti alitupa mikono juu. Mimi nilimwona yule mtu ana akili ya jikoni. Mchuzi ukikuharibikia huongezi chumvi na maji kwa mkono mmoja. Nikahamishia ufumaji wangu pale mezani, nikawa mlinzi. Kila akitaka kugusa cha pili kabla cha kwanza hakijajibu, nakohoa.

Taabu nyingine ilikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ni fundi redio. Huja kwetu kila jioni kunywa chai, bisibisi imechomekwa mfukoni mwa shati kama kalamu ya mwalimu. Yeye alikuwa na hakika kwamba kuna waya umelegea, na kwamba hao wa huduma wanatupotezea muda mpaka waranti iishe.

"Shemeji, nipe nusu saa tu," aliniambia.

"Na redio yangu uliiombea nusu saa. Sasa inashika stesheni moja, nayo ni ya mpira."

"Si ilikuwa haishiki hata hiyo."

Nilimmiminia chai nyingine. Lakini nilipokwenda kwenye ibada niliifungia ile laptop kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la mtandio wangu, maana shemeji ni mtu mwema na watu wema ndio hawaombi ruhusa.

Sasa nifike kwenye siku niliyoharibu.

Binti alikuwa ameitwa ofisini. Alitoka mbio, simu akaisahau kwenye chaji. Ikaita, nikapokea, kumbe ni Bwana Pole mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kijana, ya upole kweli. Akaniamkia, nikaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Akauliza, na ile kompyuta ya binti, inaendeleaje?

"Nzuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu."

Ndivyo nilivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata mwenye msiba ndani ya nyumba huanza na nzuri, na baada ya nzuri ndipo inakuja ila. Mimi ila yangu nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini yule kijana alifurahi mno, akasema alikuwa na wasiwasi nayo sana, akanishukuru, akanitakia siku njema, na simu ikakatika. Nikaiweka mezani. Nikasema moyoni, huyu ana haraka, atapiga tena.

Hakupiga. Binti aliporudi alikuta ujumbe: kampuni inafurahi kusikia kwamba mashine imetengemaa, na shauri lake limefungwa. Na ofisini alikokuwa ndiko alikopewa habari kwamba siku ya kuonyesha kazi yake imewahishwa, sasa ni wiki inayofuata.

Alikaa chini sakafuni. "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nzuri."

"Nzuri gani, mama?"

Angenifokea ningepumua, maana hasira zake nazijua zinapoingilia na zinapotokea. Lakini aliegemeza kichwa kwenye mguu wa meza, akawa anaitazama ile mashine kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha. Shemeji, ambaye alikuwa ameshafika kwa chai yake, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akasema kampuni ikifunga haifungui, sasa bisibisi ifanye kazi yake. Akaigusa mfukoni. Nikamtazama tu, akaiacha.

Nikachukua simu, nikapiga mwenyewe. Nilipewa muziki wa kusubiri, nikasubiri. Akatokea dada mmoja, nikamweleza, akanirudisha kwenye muziki. Nilifuma safu nzima simu ikiwa imebanwa begani. Binti aliniambia niache, nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Mwishowe ikaja ile sauti ya kijana.

"Mwanangu," nikamwambia, "ni mimi mama wa yule binti wa mashine isiyoamka. Uliniuliza habari, nikakujibu habari. Ugonjwa sikuwahi kukueleza, ulikata mapema. Mashine haijapona."

Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu anayejicheka.

"Pole, mama. Kosa ni langu. Mama yangu mzazi aliniambia ni mzima wa afya, na huku anaongea na mimi kutoka kitandani hospitalini. Nilipaswa kuuliza mara ya pili."

Alilifungua shauri tukiwa bado tunaongea. Niliona mabega ya binti yakishuka. Lakini akatueleza ukweli wake pia. Ili wakubwa wake wakubali kubadilisha mashine, ni lazima ionekane kwamba ubovu uko ndani ya mashine yenyewe, si kwenye mfumo wala kwenye kitu ambacho binti ameongeza. Kwa hiyo binti aweke Linux safi kwenye flashi, aiwashe mashine kwa hiyo flashi, aifunike ilale, kisha aifunue, na mtu mwingine achukue video. Isipoamka, hakuna atakayeuliza tena.

Kesho yake mtu mwingine huyo nikawa mimi. Binti akafunika, akangoja kidogo, akafunua. Ikaamka. Akafunika tena, ikaamka tena. Mara ya tatu iliamka kwa haraka kuliko zote, kioo kinang'aa, kama mtoto mtundu aliyeona wageni sebuleni. Binti alikuwa anauma midomo.

"Mwandikieni tu kwamba imekataa," shemeji akasema. Safari hii hakuwa anatania. "Si inakataa kweli siku nyingine? Nani atajua?"

"Aliye juu anajua," nikamwambia, "na huyu wa huku chini anatuamini. Siwezi kuwapoteza wote wawili kwa ajili ya kioo."

Binti akaandika kama ilivyokuwa: tumejaribu kwa flashi, kila mara imeamka. Aliutuma ujumbe ule kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba yake.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Bwana Pole alishukuru kwa kuambiwa ukweli, kisha akauliza: mliiacha ilale muda gani? Tulikuwa tukiifunika na kuifunua papo hapo. Na siku zile inapokataa, akauliza, huwa imelala muda gani? Binti akanigeukia, nami nikasema, huwa ni muda wa mlo, maana huifunika aje kula na kuosha vyombo. Basi, akaandika, iacheni mpaka ipoe kabisa. Kama kuna kiungo kinachoachia ikishapoa, ndipo kitakapojionyesha.

Tukaifunika, flashi ikiwa bado imechomekwa. Tukaenda jikoni, tukapika, tukala. Shemeji aliosha vyombo mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niolewe kwenye ukoo wao. Tuliporudi niliigusa mashine kwa chini, ilikuwa baridi kama sinia. Nikashika simu ya binti kwa mikono miwili.

Akafunua. Kioo cheusi. Feni ikaanza kuvuma. Akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile, hakuna. Na binti yangu, aliyekuwa akikasirishwa na jambo hilo hilo, akaanza kucheka, shemeji akapiga makofi ya furaha, na mimi nikapiga vigelegele. Ndiyo sababu nusu ya ile video inaonyesha dari na goti la shemeji. Lakini nusu ya kwanza ilitosha.

Bwana Pole alipiga simu yeye mwenyewe, na binti akaiweka kwa sauti ili sote tusikie. Mashine mpya itatumwa. Ya zamani tusiirudishe kwanza, mpaka binti ahamishe kazi yake yote na aone kwamba hakuna kilichobaki nyuma. Nilikaa kitini. Nikasema asante Mungu, mara moja tu, polepole, maana ya pili ingetoka na machozi.

Mashine mpya ilifika, siku ya kuonyesha kazi ikiwa bado mbele. Binti akahamisha faili zake, akazikagua moja moja, bila mimi kukohoa. Tuliifunika hiyo mpya, tukala mlo wetu, ikapoa, ikafunuliwa, ikaamka. Tulifanya hivyo tena na tena, mpaka shemeji akasema mashine itadhani hii ni nyumba ya walafi. Ile ya zamani aliomba aichungulie tu kabla haijaondoka. Nikamwambia aichungulie akiwa ameibeba, na kweli ni yeye aliyeipeleka kwa msafirishaji, imefungwa vizuri, bisibisi ikiwa mfukoni.

Siku yenyewe binti alijifungia sebuleni, akawaonyesha wakubwa wake kazi yake kwa njia ya mtandao. Mimi nilikaa ukumbini na ufumaji wangu. Maneno mengi sikuyaelewa, lakini sauti yake niliielewa, ilianza nyembamba kisha ikapata miguu. Nilimsikia akiwaeleza jinsi dawa inayokaribia kuisha muda inavyopanda juu yenyewe, muuzaji aione kwanza. Wakamuuliza maswali, akajibu. Kisha mlango ukafunguka, akasimama mbele yangu uso umemwiva.

"Wamesema tupumzike, wale chakula cha mchana. Mama, nimeifunika."

"Kwa nini?"

"Mazoea."

Nilimpakulia, akala tonge moja akasukuma sahani. Muda ulipofika nilikwenda naye, nikasimama nyuma ya kiti chake, mkono wangu begani kwake. Akashika kifuniko kwa vidole viwili, akakiinua. Kioo kikawaka kabla hajamaliza kukiinua, na kazi yake yote ikawa pale pale alipoiachia. Nikarudi ukumbini kwa ncha za vidole.

Alitoka baadaye sana. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alisema wamempa kazi, anaanza rasmi mwezi ujao, na yule mkubwa wao mkali ndiye aliyetangulia kusema ndiyo. Akaenda moja kwa moja jikoni kwenye ile sahani, akala chakula chote kikiwa baridi, amesimama, anaegemea ukuta. Mimi niliyemfundisha kula ameketi nikamwongezea pale pale aliposimama.