Waliandika "Discharged"

Mwaka wa 1978 nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya upili karibu na Kikima. Siku moja Nzilani, mama jirani yangu, aliniletea barua kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi. Mwanawe Musembi alikuwa amelazwa huko miezi saba.

Barua ilikuwa mstari mmoja: mgonjwa aliyetajwa hapo juu alikuwa "discharged" tarehe kumi na nne Juni.

"Ameruhusiwa, mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba. "Anakuja nyumbani."

Alinishika mikono yote miwili. Jioni hiyo alifua blanketi la Musembi na kulianika juu ya ua.

Wiki tatu zikapita. Musembi hakuonekana. Nzilani akarudi, safari hii amenuna.

"Mwalimu, ulisoma vizuri? Muthama wa hapa kijijini alikuwa askari wa Mzungu. Anasema neno hilo waliandikiwa walipoachishwa kazi. Dada wa zahanati naye anasema ni usaha unaotoka kwa kidonda. Mwanangu ni usaha?"

Nikafungua kamusi yangu kubwa. Maana zilijaa nusu ukurasa: kumruhusu mgonjwa, kumwachilia mfungwa, kufyatua bunduki, kutimiza wajibu. Mwishoni iliandikwa asili yake: neno la Kifaransa cha zamani, kushusha mzigo kwenye gari. Nilimsomea yote, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Akasema, "Basi walimshusha. Walimshushia wapi?"

Tulienda Nairobi pamoja siku ya Jumatatu. Karani wa hospitali alifungua faili, akageuza ukurasa utuelekee, akaweka kidole juu ya muhuri. Neno lilikuwa lile lile.

"Alitoka na nani?" nikauliza.

"Ni mtu mzima. Alipewa nguo zake na viatu, akatoka."

"Mlimwona akienda upande gani?" Nzilani akauliza kwa Kikamba. Nikatafsiri. Karani akatutazama kana kwamba tumemuuliza upepo ulipita wapi.

"Mwalimu, mweleze mama. Kazi yetu iliisha kwa lango."

Sikumweleza. Alikuwa ameshaelewa.

Tulizunguka siku mbili, machinjioni wanakokusanyika watafuta vibarua, stendi ya mabasi, vituo vya polisi, chumba cha maiti. Kila mahali nilizungumza Kiingereza changu kizuri, na kila mahali kilijibiwa kwa kichwa kutikiswa.

Tuliporudi niliandika tangazo la redio: Musembi, miaka ishirini na minne, mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, akionekana apelekwe kwa chifu wetu wa Mbooni. Lilisomwa mara mbili. Nzilani alilisikiliza kwangu, ameegemeza sikio kwenye spika, na lilipokwisha akaniuliza kama yule mtangazaji anaweza kuombwa alisome polepole zaidi.