Mafunzo ya Kulalamika

Mzee Eltje Wiersum wa Groningen, Uholanzi, alikuwa na kasoro moja: hakujua kulalamika. Kwao kaskazini, hata upepo ukiezua nyumba, mtu husema "si mbaya sana" akaendelea na kahawa yake. Sasa saratani ilikuwa imemwingia mifupani, naye alitaka daktari wake amsaidie kufa angali na akili zake. Sheria ilitaka aombe mwenyewe, kisha daktari wa pili, asiyemjua, aje ajionee kama kweli mateso hayavumiliki. Hapo ndipo penye kazi.

"Hebu tujaribu kabla hajafika," mkewe Frouke alisema. "Mimi ndiye daktari. Hali yako, mzee?"

"Si mbaya sana."

"Haya, tumekwisha. Ukimjibu hivyo atakunywa kahawa aende zake, ubaki hapa unateseka. Rudia."

"Panauma kidogo."

"Kidogo gani? Jana ulishindwa hata kushika kijiko."

"Kijiko chenyewe kizito."

Frouke alicheka mpaka akajifuta macho, na si machozi ya kicheko tu aliyokuwa akiyafuta.

Daktari huyo wa pili alikuwa mama wa makamo kutoka kusini, mpole. Alimwomba Frouke atoke, maana mgonjwa husikilizwa peke yake, asije akawa anatiwa maneno mdomoni na mtu.

"Enhe, mzee. Unajisikiaje?"

"Si mbaya sana," Eltje akajibu, mdomo umemtangulia.

Daktari akaanza kuandika. Kalamu ile ilimtisha Eltje kuliko ugonjwa wenyewe. Akamshika mkono.

"Ngoja, daktari. Nimekudanganya. Kila alfajiri naung'ata mto nisimwamshe mke wangu. Nimechoka. Siwezi tena, na sitaki tena."

Akalia, na aibu ikamjaa mpaka masikioni. Daktari hakumharakisha. Alimuuliza mengine mengi, na mwisho akamwambia ameridhika, ataandika hivyo.

Alipoondoka, Frouke aliingia mbio. "Umelalamika?"

"Nimelalamika. Amekubali."

"Wewe? Ulimwambia nini?"

Eltje akamweleza habari ya mto, macho yake yako dirishani. Frouke akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mjinga mkubwa wewe," akasema polepole. "Kila alfajiri niko macho. Najikoromesha makusudi, usione haya."

Eltje akajisogeza kwa taabu, akampisha mkewe alale kando yake.

"Basi kesho," akasema, "usikorome."