Daftari la Surua

Masanduku manne ya chanjo yalishuka kwenye ndege pale Mavivi, karibu na Beni, siku ya Jumanne, na kabla jua halijapanda vizuri askari walikuwa wameyapakia kwenye jipu lao na kuyapeleka Beu, mtaa wa Beni, katika bohari iliyo nyuma ya ofisi ya Kamanda Ézéchias. Habari ilifika Butembo jioni kwa fonia, redio ya upepo ya parokia. Jumatano asubuhi na mapema Katungu alikuwa amekaa mbele ndani ya kamioni, daftari amelibana mapajani, Idi kashika usukani, wanateremka kwenda Beni.

Katungu alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari. Idi alimzidi miaka miwili, na kamioni ilikuwa ya baba yake. Wao na wenzao sita, Wakatoliki na Waislamu, ndio waliopiga kelele kuhusu surua mjini Butembo mwaka ule wa 2002. Hakuna aliyewatuma. Katungu alikuwa amemzika mdogo wake mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, na juma lilelile akaona majeneza mengine matatu madogo yakipita mtaani. Basi wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Wakavuka hata vizuizi vya askari, barrière kama vilivyoitwa kule, wakafika vijiji vya magharibi vilivyokuwa mikononi mwa Mai-Mai, wanamgambo waliopigana na askari wa kamanda, wakiandika: jina la mtoto, umri, kijiji, baba yake nani, amepona au amekufa. Wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Waliokufa hamsini na saba. Kwa daftari hilo waliwabishia hodi waganga wa hospitali, mapadri, mashehe na watu wa redio, mpaka wakubwa wa afya wakaona haya na chanjo ikaitishwa.

Sasa imekuja, na imekamatwa. Papa Abdias, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwao, hakuwaficha kitu: "Barafu itashika mpaka Alhamisi mangaribi. Ikipita pale, munapiga batoto sindano ya maji tu." Watu wazima waliulizana nani aende kwa kamanda. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Vijana wakaenda.

Kamanda Ézéchias alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuwakaribisha kiti.

"Bino ba nani?"

"Sisi tuko vijana wa Butembo, Afande," alisema Katungu. "Tumekuja juu ya chanjo ya batoto."

"Batoto gani? Hii dawa inavuka barrière, inaenda kwa batoto ya Mai-Mai. Ninawaponesha leo, kesho wananipiga masasi."

"Afande, surua haiulize baba ya mutoto ni nani."

"Mimi ndiye ninauliza."

Katungu alidhani hesabu ingemlainisha, kama ilivyowalainisha wengine. Akalifungua daftari juu ya meza na kusoma. "Mathe, miaka mitatu, mwana wa Nzanzu fundi seremala, amekufa. Sifa, miezi kumi na minne, mwana wa..."

"Ngoja." Kamanda aliinama mezani. "Huyu Nzanzu. Anakaa kijiji gani?"

Katungu alilifunga daftari, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Donc mumeandika kila baba na kila kijiji," kamanda alisema polepole, karibu kwa upole. "Kuko batu humu niko natafuta miezi sita. Tufanye kitu rahisi. Acha kitabu hapa, chukua masanduku yote mane. Nitawapa hata askari wa kuwasindikiza."

Idi alimtazama Katungu. Katungu alitazama meza.

"Tuliandika tukiwa batu munane, Afande. Mwandiko hausomeki. Unipe saa moja nipange majina."

Kamanda alitazama saa yake. "Saa moja. Pale barazani. Askari atawaangalia."

Barazani kulikuwa na joto. Mwishoni mwa baraza mwanamke mmoja alikuwa akipika maharagwe ya askari katika sufuria kubwa juu ya mafiga, mtoto mgongoni. Katungu alikaa karibu na moto, akafungua daftari magotini na kujifanya anaandika. Idi alichutama kando yake.

"Toa," alinong'ona. "Katungu, kule batoto elfu tatu banangojea."

"Na hawa baba zao?"

"Hujue kama atawaua."

"Na we unajua kama hapana?"

Kichwani mwa Katungu mambo yalipigana. Nzanzu alikuwa amempa kiti na ndizi mbivu siku ile alipoandika jina la mwanawe. Alikuwa ameuliza, "Hii majina inaenda wapi?" naye Katungu akamjibu, "Kwa waganga tu, papa." Lakini aliwaona pia watoto wa Butembo, macho mekundu, midomo imepasuka. Akimwacha Nzanzu apone, nani atamjibu mama wa mtoto atakayekufa wiki ijayo?

Mtoto wa mpishi akakohoa. Katungu alikijua kikohozi kile. Aligeuka, akaona macho yanayotoa tongo, na nyuma ya sikio vipele vidogo vimeanza kushuka shingoni.

"Mama, ana siku ngapi na hii?"

"Siku tatu. Banasema ni mafua." Mwanamke alijipangusa jasho. Aliitwa Victoire, mke wa sajini mmoja wa pale.

"Hapana mafua, mama. Ni surua. Chanjo yake iko pale." Katungu aliionyesha bohari kwa kidevu. "Kamanda ameifunga."

Victoire alisimamisha mwiko. "Basi huyu wangu atapigwa sindano?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya. "Huyu haitamusaidia tena, mama. Amekwisha kuishika. Lakini kama uko na mwingine, na batoto ya majirani... hao bado."

"Niko na mukubwa wake," Victoire alisema. Akatazama bohari kwa kitambo, kisha akarudi kukoroga maharagwe kama vile hakusikia kitu.

Askari mlinzi aliitwa langoni. Aligeuza mgongo. Katungu alilichana daftari katikati, akasukuma nusu moja chini ya sufuria, halafu nyingine. Karatasi zilijikunja. Miezi mitatu ya kutembea, mia nne na kumi na wawili, ikashika moto. Idi alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Victoire alitazama, akasukuma kuni mbili juu ya majivu.

Kamanda alitoka kabla saa haijatimia.

"Kitabu?"

"Nimekichoma, Afande."

Kofi lilimwangusha sakafuni. Askari wakamkokota mpaka bohari na kumfungia humo. Idi wakamsukuma nje ya lango kwa vitako vya bunduki. "Uende ukawaambie Butembo," kamanda alisema, "chanjo yao inalala hapa."

Humo boharini masanduku manne yalipangwa ukutani. Bati la paa lilikuwa likichoma. Katungu aliweka mkono juu ya kifuniko, akalitikisa sanduku la kwanza taratibu, akasikia maji yakicheza ndani. Majina hayapo. Chanjo inayeyuka. Amepoteza vyote viwili kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa hivyo mchana kutwa, na usiku ukampita bila usingizi.

Hakujua kwamba Idi hakurudi Butembo. Aliificha kamioni nyuma ya msikiti, akapita nyumba za familia za askari mlango kwa mlango, kama walivyokuwa wakipita mitaa ya kwao. Kila alipofika alikuta Victoire ametangulia.

Alhamisi saa mbili asubuhi Katungu alisikia vikohozi vya watoto, vingi. Akaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Wanawake zaidi ya arobaini walikuwa wamekaa chini mbele ya bohari, watoto magotini. Mafiga yalikuwa baridi. Hakuna aliyepika.

Kamanda alitoka akifunga mkanda. "Hii ni nini?"

Victoire alisimama, mtoto wake amelala begani, analegea. "Batoto yetu, Afande. Fungua mulango."

"Sajini! Ondoa hawa wamama!"

Sajini alipiga hatua mbili. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa mkewe, na mtoto yule alikuwa wake. Akasimama. Askari wengine walitazama viatu vyao. Mmoja alikuwa ameinua bunduki. Akaishusha polepole, bila kuambiwa. Katungu alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kumi. Ishirini. Kamanda alizungusha macho uwanjani akitafuta hata uso mmoja ulio upande wake.

"Batoto ya camp kwanza," hatimaye alisema. "Masanduku inabakia, ba Butembo babebe. Lakini huyu musichana hatoke."

Idi alikuwa tayari langoni na muuguzi wa Beni mwenye sindano. Walimaliza watoto wa kambi kwa sanduku moja. Saa nane mchana matatu yaliyobaki yakapanda kamioni, na Idi akakimbiza mlima wa Kabasha kwa namna ambayo baba yake asingemsamehe. Papa Abdias aliyafungua kabla jua halijatua. Katika mawili barafu ilikuwa imebaki kiasi cha ngumi. La tatu lilikuwa maji ya vuguvugu. Akalitupa lote, machozi yakimlenga. Watoto wa Butembo walichanjwa kuanzia Ijumaa. Vijiji viwili vya magharibi havikupata kitu.

Katungu alizuiliwa siku tano zaidi, akachapwa viboko viwili kila asubuhi, akiulizwa majina. Alijibu kwamba yalikuwa mengi, amesahau. Jumanne wakamfungulia lango kama watu wanaofukuza mbuzi.

Victoire alikuwa akimngoja nje. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Tulimuzika Jumapili," alisema.

"Mama..."

"Uliniambia kweli. Mukubwa wake anacheza." Akamfunga Katungu kitenge mabegani, damu isionekane njiani, akamsindikiza mpaka kwenye kamioni.

Katungu hakuweza kuegemea kiti. Alikaa ameinama mbele njia nzima. Walipopita kijiji cha Maboya, Idi alisema bila kumtazama:

"Mimi ningekitoa. Kile kitabu. Nataka ujue."

"Najua."

Katungu alikaza kitenge mabegani.

"Vile vijiji viwili," Katungu akauliza. "Batoto bangali banakohoa?"

"Bangali."

Idi alibadilisha gia, na kamioni ikaanza kupanda.