Andika na Namba ya Kiti

Mimi nakoroma. Nalisema mchana kweupe, maana nililificha jambo hili miaka miwili na nusura linitoe kazini.

Na si kukoroma kwa mchezo. Mume wangu alihamia kwenye kochi la sebuleni, akaniambia akishalala wiki moja vizuri ataoa mwanamke asiye na injini. Siku ya tatu akarudi chumbani mwenyewe, mnyonge. Alisema kelele angezivumilia, ila kuna wakati zilikuwa zinakatika ghafla, kimya, naye anabaki amekaa kitandani akihesabu hadi nivute pumzi. Aliwahi kufika ishirini na mbili. Ndipo akanikokota hospitali.

Daktari akasema koo langu linajifunga nikilala. Akaniandikia mashine ya kupumulia, ndogo kama tofali, yenye mpira mrefu na kinyago cha kuvaa puani. Inasukuma hewa, koo linabaki wazi, basi. Usiku wa kwanza nililala fofofo. Asubuhi nilijiona mtu mpya kabisa, hata mume wangu nikamwona mzuri.

Sasa, kazi yangu ni kuendesha kreni kwenye uwanja wa makontena. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kabla ya mashine nilikuwa nasinzia saa ya chai na kikombe kiko mkononi, nikiamka nguo zimelowa. Baada ya mashine, sikusinzia tena hata siku moja. Lakini kazini sikumwambia mtu, kwa sababu ya msimamizi wetu.

Sisi tunamwita Bwana Kitabu. Ana kidaftari cheusi mfuko wa shati, anaandika nani kachelewa, nani kakohoa, nani kacheka sana. Mwenzetu wa forklifti alipoanza kuvaa miwani aliandikwa, na mwezi haukuisha akahamishiwa getini kuinua kizuizi. Nilipoona yale nikafunga mdomo. Mtu akiniuliza mbona siku hizi nimechangamka, namwambia ni dua za mama.

Mwaka huu kampuni ikanunua kreni mpya, ya kompyuta, na watengenezaji wakataka watu wawili wakafundishwe kwao, safari ya ndege ya saa kumi na tatu. Msimamizi na dereva mmoja. Meneja alitazama rekodi, akaona miaka sita sijaangusha hata boriti, akanichagua mimi. Bwana Kitabu alinipa hongera kwa sauti ya kutoa pole. Alikuwa na mpwa wake, dereva wa miaka mitatu, ambaye pasi yake ya kusafiria ilikuwa tayari kabla hata tangazo halijabandikwa. Na sharti lilikuwa hili: tunatua alfajiri, na asubuhi hiyohiyo dereva anapanda kibandani mwa kreni kufanya jaribio. Akishindwa, anarudishwa nyumbani na mwingine anatumwa. Huyo mwingine kila mtu alimjua.

Binti yangu ni fundi simu, na mambo ya betri humdanganyi. Siku nne kabla ya safari alikuja na utepe wa gundi na uso wa kazi. Mashine ingetumia betri zake mbili, kwa kuwa plagi ya kwenye kiti haiaminiki. Alizigeuza moja moja akisoma namba ya nguvu iliyochapwa mgongoni, akaridhika kwamba kila moja iko chini ya kiwango cha ndege. Akabandika utepe kwenye ncha zake zisigusane na chuma, akatia kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki na kuandika kwa kalamu nene, MAMA 1, MAMA 2. Alishapiga simu shirika la ndege, akatuma jina la mashine, akapata barua ya ruhusa. Barua ya daktari akaitia humohumo. Vyote vikaingia kwenye mkoba wa mkononi.

"Betri za akiba hazishuki chini kwenye mizigo, mama," aliniambia. "Zikishika moto huku juu mtu ataona atazima. Kule chini nani ataona?"

Nikamwambia nimesikia. Akaendelea na mengine: soksi za kubana miguu isivimbe, viatu vya kulegea, maji kila mara, kahawa marufuku, kiti cha kwenye ujia ili niweze kuinuka nitembee. Alininunulia na mto wa shingo. Huo nilimrudishia, sikutaka kuingia kwenye ndege nimevaa nira.

Siku ya safari gari la kampuni lilikuwa linanifuata nyumbani, na Bwana Kitabu yumo ndani. Nikatazama ule mkoba. Nikaona jinsi tutakavyofika kwenye ukaguzi, kila kitu kinatolewa kinawekwa kwenye trei, yeye yuko nyuma yangu ameinua shingo. Mpira ule, kinyago kile. Binti alikuwa keshakwenda kwenye kibanda chake cha simu, mume wangu yuko nje anaangalia gari. Nikachukua mashine, betri, barua, vyote, nikavisukumia ndani ya sanduku kubwa katikati ya magauni, nikafunga zipu. Ujinga huo niliufanya kwa mikono yangu mwenyewe na akili zangu timamu.

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, msichana wa pale akaniuliza kama sandukuni kuna betri au pawabenki. Bwana Kitabu alikuwa ananipumulia kisogoni. Nikasema hakuna, haraka haraka, na sanduku likaondoka.

Haikupita nusu saa nikasikia jina langu kwenye spika. Nikaelekezwa kwenye chumba kidogo, sanduku langu liko mezani, na afisa amevaa glavu. Bwana Kitabu akanifuata, eti anisaidie. Afisa alinionyesha picha kwenye skrini, betri mbili zimekaa waziwazi kama meno, akaniomba nifungue. Ikatoka shimizi yangu, ikatoka mashine, ukatoka mpira, kisha MAMA 1 na MAMA 2. Afisa akazisoma, akazigeuza, akasoma na barua zote mbili. Akasema aliyezifunga betri hizi anajua kazi yake, ila aliyeziweka humu hajui. Hakuwa mkali hata kidogo, aliniambia tu nizihamishie kwenye mkoba wa mkononi pamoja na mashine, nisirudie tena. Aibu niliyoisikia pale sijapata kuisikia hata siku ya leba.

Bwana Kitabu akauliza ile ni ya nini. Nikamwambia ukweli, maana uongo wa pili ningeupata wapi.

Alitoa kidaftari, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Tulipokaa kusubiri ndege akaanza kuongea kwa upole, upole ambao kazini hatuujui. Akasema yeye hana nia mbaya na mtu. Ila ana dhamana, na dereva anayekatika pumzi ni jambo la kuripotiwa kabla ya jaribio, hata kwa simu. Hata hivyo, akasema, asichokiona hawezi kukiandika. Mashine ikibaki mkobani hadi tutakaporudi nyumbani, yeye kaona mkoba tu.

Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru kwa mdomo huu huu.

Tumeshakaa kwenye viti, mimi ujiani, yeye kati, ndipo akili ikanirudia. Saa kumi na tatu bila mashine ni saa kumi na tatu za kushtuka na kukabwa. Nikitua nitakuwa yule wa zamani, mwenye kikombe mkononi. Nitapanda kibandani kichwa kinaniuma, nitasinzia mbele ya wageni, na mpwa atapakia begi lake siku hiyohiyo. Mtu huyu hakuwa na haja ya kuandika neno. Usingizi ungemwandikia. Na juu ya hayo mimi nimemwambia asante!

Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mimi zaidi, kwa ile miaka miwili ya kuficha kitu kinachonipa pumzi kana kwamba nimekiiba.

Chakula kikaliwa, trei zikaondolewa, taa zikapunguzwa. Bwana Kitabu akajifunika blanketi, akanigeukia.

"Lala, mama. Kesho kazi."

Nikafungua mkanda, nikainuka, nikashusha mkoba. Nikambonyezea mhudumu wa ndege kengele, alipokuja nikampa barua. Aliisoma chini ya taa ndogo, akatazama mashine, akasema hakuna tatizo, ila betri nisiziweke juu kwenye kabati wala nisizifunike na blanketi, na nikiona yoyote inapata moto nimwite mara moja. Watu wa jirani wakageuka. Mzee mmoja upande wa pili wa ujia alivua kabisa visikilizio vyake ili asipitwe.

"Bosi wako hapa," Bwana Kitabu akanong'ona. "Tulikubaliana."

Mimi sauti yangu ni ya kuongea na watu walio chini mita arobaini. Sikuipunguza.

"Hatukukubaliana. Wewe ulinitisha, mimi nikashukuru kwa woga. Toa kitabu chako sasa. Andika mashine, andika saa, andika na namba ya kiti. Kesho nainua tani thelathini juu ya vichwa vya watu, na sipandi sijalala kwa sababu wewe una mpwa."

Hakutoa kitabu. Alitazama mbele, kwenye mgongo wa kiti, masikio yamemsimama. Nikavua viatu, nikanyoosha soksi, nikaunganisha MAMA 1, nikavaa kinyago changu mbele ya abiria wote wa ndege ile. Anayetaka kutazama na atazame. Nilikunywa maji mafunda mawili kwanza, nikawasha, nikalala.

Betri ya kwanza ilipoisha niliamka, nikatia ya pili. Hapo ndipo nikasikia kelele. Nilidhani ni mashine imechomoka mpira, nikaushika, uko sawa. Ilikuwa inatoka kiti cha kati. Bwana Kitabu kaachama mdomo, anakoroma kama mashine ya kusaga, kisha kimya. Kimya kabisa. Bila kutaka nikajikuta nahesabu, kama mume wangu alivyokuwa akinihesabia. Nilifika kumi na tisa kabla hajakurupuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Hakuamka. Akaanza tena.

Ningeweza kufurahi. Nilikuwa na kila haki ya kufurahi. Lakini kile kimya kilinitisha, kwa kuwa sikuwahi kukisikia kutoka nje. Nikampiga kiwiko cha mbavu, akageuka, akapumua. Nilimpiga mara tatu usiku ule, na sitaki kusema uongo, ya tatu niliitilia nguvu kidogo. Katikati nililala vizuri.

Tulifika kiwandani asubuhi hiyo. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye nywele nyeupe na kofia ngumu iliyochakaa. Bwana Kitabu alimkabidhi karatasi, kumbe aliandika hata hivyo, labda chooni. Mama yule akaisoma pale pale mbele yetu. Akaniuliza kama ni kweli natumia mashine. Nikasema kweli. Akauliza kama jana niliivaa. Niliitoa mkobani na kumwashia kwa ile chaji iliyobaki, akasoma mwenyewe kwenye kioo chake: imetumika kwa saa saba na dakika kumi, pumzi imekatika mara mbili tu. Akaandika kwenye fomu, akanitazama macho yote mawili kwa tochi, akanipa kofia.

Kisha akamgeukia Bwana Kitabu, ambaye naye alikuwa apande kibandani kushuhudia jaribio. Akamwuliza amelala saa ngapi. Akajibu za kutosha. Macho yake yalikuwa mekundu, na kabla mama yule hajamaliza kuandika alipiga miayo miwili ambayo hakuweza kuizuia. Akaambiwa akae kwenye benchi. Pale kwao hapandi mtu ambaye hakulala, awe dereva, awe bosi wa dereva.

Nilikuwa nimeshashika ngazi aliponifuata. Hakuwa na kidaftari mkononi. Alisimama karibu, akatazama kando, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mtu mwenye hofu.

"Mama," akasema polepole. "Usiku nilikusikia unanipiga. Mke wangu naye hunipiga hivyohivyo. Anasema nakatika pumzi."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, tena makali. Nikamtazama vile alivyo, suruali imekunjamana, mdomo umemkauka.

"Hayo tutaongea nikishuka," nikamwambia. Nikapanda.