Maji ya Wageni

"Hivi huyo mwanao anakata mawe au anayala?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, kwa utani wake uleule, maana alikuwa amemsikia Kitinda akikohoa upande wa pili wa ukuta. Nilicheka. Nilipoingia ndani nikashindwa hata kukunja shuka. Marehemu mume wangu alipasua mawe machimboni, na kikohozi chake kilianza hivyohivyo, kikavu, kama mtu anayesafisha koo tu. Najua kilikoishia. Na Kitinda ndiye kitinda mimba wangu, ndiye aliyebaki nami nyumbani.

Nilisali, lakini moyo ukakataa kukaa. Asubuhi nikajitanda mtandio, nikaenda kazini kwake bila kumwambia.

Karakana yao ya kukata vito ni chumba kirefu chenye madirisha juu kabisa, karibu na dari. Msimamizi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama yetu! Karibu, karibu! Jamani, tuna mgeni!"

Nikasikia koki za maji zikifunguliwa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa chumba.

Akanizungusha. Jiwe la zambarau, likiwa bado na sura ya kokoto tu, wanaligandisha kwa nta ya moto kwenye ncha ya kijiti. Kisha wanaligusisha kwenye sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, wanalitoa, wanaligeuza, wanaligusisha tena, mpaka liwe na nyuso nyingi zinazometameta. Juu ya kila sahani, maji yanadondoka.

"Unaona, mama? Unga wa jiwe unakwenda na maji. Vumbi halipandi kabisa."

Nilitaka kumshukuru Mungu niondoke zangu. Lakini macho yangu yakaenda chini ya meza. Ndoo ya kupokea maji ilikuwa na utando wa buibui, na maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaupasua. Nikamtazama mama mmoja wa kung'arisha mawe, wanayemwita Bibi Kioo. Si mzee, lakini nyusi zake zilikuwa nyeupe kama ametoka kusaga unga.

Nikaomba kigoda, nikakaa karibu naye.

Mgeni kwao huwa anatazama, anasifu, anaondoka. Mimi sikuondoka. Wakaanza kunitupia macho, kisha saa ya ukutani, kisha mimi. Kila mtu akigusisha jiwe, analitoa, analifuta kwa kitambaa, analiangalia, analirudisha, analifuta tena. Hata mimi sikutulia. Nilisimama, nikakaa, nikasokota ncha ya mtandio mpaka ikawa kama kamba.

"Mama," Bibi Kioo akaninong'oneza, "ukiendelea kukaa, leo hatumalizi hata jiwe moja."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Maji yanaficha kona. Huoni ukingo mpaka ufute. Pakiwa pakavu unaona palepale, unakwenda mbio."

"Kwa hiyo siku nyingine mnayafunga."

Akaangalia mikono yake. "Haya ni maji ya wageni, mama."

Muda wote huo Kitinda hakuinua kichwa. Sasa akaja, akainama sikioni kwangu.

"Mama, umekuja kunichunga kama mbuzi?"

"Nimekuja kukuona."

"Umeshaniona. Nenda nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Hata sufuria sijaibandika."

Msimamizi akasogea, kicheko mdomoni, uso umekaza. "Mama yetu, tunakupenda, lakini kazi inasubiriwa. Au tukuajiri kabisa? Tukupe na aproni?"

Wakacheka. Kitinda akaona haya mbele ya wenzake, na haya ikageuka hasira. Akarudi kwenye mashine yake, akaikaza koki mpaka ikalia.

"Basi tazama! Ndivyo tunavyofanya. Wote hawa wanafanya hivi, na wako hai!"

Wengine nao wakafunga. Sahani zikaanza kupiga kelele kavu, za kukwaruza meno. Vumbi jeupe likapanda taratibu kwenye mwanga wa dirisha, na Mungu anisamehe, lilipendeza. Kitinda akakohoa, akajidai anasafisha koo.

Nikabeba kigoda changu, nikakiweka mbele ya sahani yake. Nikashusha mtandio niliokuwa nimejizibia pua vumbi lilipopanda, nikainama kama mtu anayenusa mchuzi.

"Mama, unafanya nini?"

"Navuta."

"Toka hapo!"

"Si umesema mko hai? Kama linakufaa wewe, na mimi litanifaa."

Nikavuta pumzi, nikavuta nyingine. Vumbi likanikaa kwenye meno kama chaki, nikakohoa. Kikohozi kikatoka kikavu. Nikamwona mwanangu akikisikia. Alikuwa mdogo wakati ule, lakini kitanda chake kilikuwa karibu na cha baba yake. Ile sauti anaijua.

Akafungua koki.

Msimamizi akaifunga. "Kitinda, mgeni wako amekaa mno. Kazi!"

Kitinda akaifungua tena.

Msimamizi akaifunga tena, na safari hii mkono akauacha palepale. "Hii koki ni ya mama yako?"

Wachache wakacheka. Bibi Kioo hakucheka.

Kitinda akautazama ule mkono juu ya koki. Akanitazama mimi, kope zangu zimejaa unga. Akazima mashine. Akavua aproni, akaikung'uta, akaiweka mezani.

"Na hilo jiwe?" msimamizi akauliza. "Unaliacha nusu?"

Kitinda akampita, akanipita na mimi, akatoka nje.