Maksai wa Hamo

Asubuhi ya kwanza ya mavuno Avice alikuwa akikoroga uji wa njegere aliposikia mundu ukinolewa nje. Aliujua. Mundu wa mumewe ulikuwa na pengo karibu na mpini, na kila jiwe lilipofika pale ulikwaruza. Alipotoka mlangoni alimwona Hamo akipita na wenzake, udongo wa kaburini umemganda magotini. Walikuwa arobaini na wawili, wote waliozikwa Aprili, wakati wa tauni.

Kosa lilikuwa la hati. Kila mwaka msimamizi Gervase husimama mlangoni pa kanisa na kusoma majina ya wote wenye wajibu wa kumvunia bwana mwenye ardhi ngano. Mwaka huu karani aliyepaswa kufuta majina ya marehemu alikuwa marehemu naye, basi Gervase akaisoma hati kama ilivyokuwa. Pale kijijini Wenlow, jina lako likisomwa, unakwenda. Hata wewe ungezaliwa pale ungekwenda.

Walivuna vizuri, tena kimya. Ukungu wa mtoni uliwafunika hadi kifuani, ikawa kama ngano inajilaza yenyewe. Kwa desturi bwana huwapa wavunaji mkate, samaki wa chumvi na pombe ya shayiri, lakini hawa hawakugusa kitu. Vibarua waliofika kutoka vijiji vya jirani wakitaka ujira maradufu, Gervase aliwaambia wapitilize tu.

Sabina, jirani yake Avice, alikuja kuegemea ua.

"Shoga, huyo wako hata salamu hana?"

"Hana. Yuko kazini."

"Alipokuwa hai ulikuwa unambembeleza aamke. Leo mtazame."

Avice alicheka, kisha akalia, maana alimpenda mtu yule pamoja na uvivu wake. Machozi yalipokwisha akamkumbuka maksai.

Hamo alipokufa, bwana alichukua mnyama wao bora, kama anavyochukua kwa kila mwenye nyumba anayefariki. Mnyama mwenyewe walikuwa naye mmoja tu. Bila maksai yule Avice asingeweza kulima kabla ya baridi, na shamba lisilolimwa hurudi kwa bwana. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Gervase, akamkuta anakula mkate wa marehemu.

"Bwana msimamizi, mume wangu amekufa au yu hai?"

"Swali gani hilo, mama? Si ulimzika mwenyewe?"

"Basi mwache apumzike."

"Ameitwa, akaja. Nani kamlazimisha?"

"Kama amekuja, yupo. Nirudishie maksai wangu."

Gervase alitafuna polepole. Hakuwa mtu mbaya kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kutumwa, na wa kutumwa hukinaika upesi na machozi ya wengine.

"Kwa maksai, amekufa," alisema. "Kwa mavuno, yupo. Mimi sikuiandika hati, mama. Chukua samaki mmoja uende naye."

Avice alimchukua samaki. Njaa haina aibu.

Siku ya mwisho magari ya ngano yalianza kwenda ghalani kwa bwana. La kwanza lilivutwa na maksai wake, na aliyeshika kamba alikuwa Hamo. Walipofika mbele ya nyumba, maksai alikata kona kuingia uani, kama alivyozoea jioni zote za miaka sita, na Hamo akakata naye. Wakasimama mlangoni. Hamo alimtazama mkewe, akainama akakung'uta udongo magotini, kama alivyofanya siku zote kabla ya kuingia ndani. Avice alifungua mlango mpaka mwisho. Uji ulikuwa tayari.

Mtu wa Gervase alikuja kutoka nyuma, akamchapa maksai fimbo moja ya mgongo, akamchapa na Hamo. Wote wawili wakageuka, wakashika tena njia ya ghalani.

Shamba la Avice lilichukuliwa kabla ya baridi, akabakiziwa kibanda. Kiangazi kilichofuata Gervase alikuwa amekwisha kupata karani mpya, kijana mwenye mwandiko mzuri, akamwagiza asifute jina hata moja.

Avice aliposikia hivyo, akaroweka njegere za watu wawili.